Ndoo ya Mlango wa Nyuma

Kwa miaka ishirini na sita Noelene Rudkin alipima makaa ya mawe, na kwa miaka kumi na miwili kati ya hiyo aliyapima vibaya bila kujua. Hilo tuliseme mapema, maana hapa Muswellbrook, mji wetu wa migodi kaskazini mwa Sydney, wapo watu ambao mpaka leo wanashikilia kwamba alijua. Hakujua. Angejua, pengine hata mimi ningekuwa na mtu wa kumchukia nikalala vizuri.

Maabara ilikuwa banda refu la mabati nje kidogo ya mji, kati ya gereji ya matrekta na duka la vyakula vya mifugo. Mle ndani walipima unyevu wa makaa, majivu yake, ukubwa wa punje zake, lakini kazi iliyompa Noelene jina bonde zima la Hunter ilikuwa kipimo cha kusagika. Mtambo wa umeme hauchomi makaa mabonge mabonge kama jiko la nyumbani. Huyasaga kwanza kwenye vinu mpaka yawe unga laini kama wa ngano, kisha huupuliza ule unga ndani ya tanuri. Kwa hiyo wenye mtambo, kabla ya kupokea makaa ya mgodi wowote, walitaka kujua kama yatasagika kwa urahisi au yatawatesa. Noelene aliwajibu kwa namba. Namba kubwa ni makaa laini, namba ndogo ni magumu, na yaliyopungua arobaini na tano hawakutaka hata kuyasikia.

Kipimo chenyewe alikipenda kama watu wengine wanavyopenda kufuma sweta. Sampuli ilikuja kwa mifuko kutoka mgodini, ikapondwa, ikachekechwa, zikapimwa gramu hamsini za punje za ukubwa mmoja. Punje hizo ziliingia kwenye bakuli la chuma pamoja na gololi nane, na gurudumu zito likazunguka juu yake mara sitini. Mashine ilijihesabia yenyewe, lakini Noelene alihesabu pia, midomo ikicheza. Halafu alichekecha ule unga, akaupima, akapiga hesabu yake, akaandika namba kwenye cheti na kutia sahihi. Hakuna mtu aliyewahi kurudisha cheti chake, na hilo alilijua na alijivunia.

Tatizo lilikuwa mashine ya kuponda. Garth Pinnock, mwenye maabara, aliinunua ikiwa imechoka kutoka mgodi mmoja uliofungwa kule Cessnock, na kila mwaka aliahidi kuibadilisha. Bonge gumu likiingia, mataya yake yalikwama, mkanda ukateleza, banda zima likanuka mpira ulioungua. Hapo ilibidi kuzima, kufungua, kuchokoa kwa nondo, kusafisha na kuanza upya, na nyuma yako mifuko kumi na tisa inakusubiri. Ndipo Noelene akaanza kuyatoa mabonge magumu kwa mkono kabla hayajaingia. Alimwaga mfuko kwenye sinia, akapitisha vidole kama mtu anayechambua mchele, na yale meusi yasiyong'aa, mazito, aliyoyajua kwa kuyagusa tu, akayatupa kwenye ndoo ya bati karibu na mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyemkataza. Aliamini anatoa takataka, makaa yaliyochanganyika na mawe. Garth aliona majibu yanatoka saa kumi jioni badala ya kesho yake, akafurahi, akaenda zake.

Kweli, kwa miaka mingi yalikuwa mabonge mawili matatu kwa mfuko, yasiyobadilisha kitu. Kilichokuwa na faida ni ile ndoo. Siku za baridi wafanyakazi waliipokezana kupeleka nyumbani kuota moto, na zamu ya Noelene ilikuwa Ijumaa. Yeye hakuwa na jiko la makaa, kwa hiyo alimpelekea mdogo wake, Clive, aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa reli tangu mkewe alipomwacha. Clive alifanya kazi kule kule kwenye mtambo wa umeme, mkuu wa zamu kwenye vinu. Dada anapima kama makaa yanasagika, kaka anayasaga. Watu wa klabu ya kuviringisha tufe, pale tunapocheza kila Ijumaa bahati nasibu ambayo zawadi yake ni nyama, waliwatania kwamba ukoo wa Rudkin unakula makaa asubuhi na jioni.

Mwaka 1991, mwezi wa Mei, mgodi ulifikia tabaka jipya. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa wiki ikaanza kujaa kwa siku mbili, kisha kwa siku moja. Noelene aliona. Aliona, na alichowaza ni kwamba msimu huu Clive hatapata baridi.

Jumapili moja ya Juni alikwenda kwa mdogo wake kula mchana. Kulikuwa na mbavu za kondoo na boga la kuoka, na kulikuwa na Wes Bartle, rafiki wa Clive tangu shule na mwenzake wa zamu. Mkewe Wes, Sheree, alikuwa sebuleni akitazama mpira. Wes alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nyundo mkononi, akijaribu kulipasua bonge moja litoshee mlango wa jiko. Alilipiga mara nne. Kila pigo liliacha alama nyeupe tu.

"Noelene," akaita bila kugeuka, "hivi wewe unatuletea makaa au unatuletea msingi wa nyumba? Nyundo inaumia hii."

"Ya bure hayo, Wes. Kama huyataki, nenda kwako ukaote hita yako."

"Mwache dada yangu," Clive akasema. "Likishakubali kuwaka hilo, linakaa mpaka asubuhi."

"Likikubali," Wes akasema. Akalisukumia chini ya ngazi, akachukua jingine kwenye ndoo. Noelene alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai. Wiki ile ile alikuwa ametia sahihi cheti cha makaa ya tabaka lile jipya. Kusagika, hamsini na moja.

Ajali ilitokea Alhamisi ya tarehe nane Agosti, saa nne asubuhi, kinu namba tatu. Chini ya kila kinu kuna sanduku la makapi, ambamo huangukia kile ambacho kinu kimeshindwa kukisaga, kikiwa cha moto. Sanduku hilo humwagwa kila nusu saa, na mkuu wa zamu huandika kwenye daftari. Likijaa, makapi hurundikana, hushika moto, na mtu akifungua mlango hewa inaingia na moto unatoka. Siku ile lilikuwa limejaa. Wes ndiye aliyefungua. Alikufa hospitalini Sydney baada ya siku sita, na Sheree alikuwa amekaa kando yake siku zote hizo bila kuruhusiwa kumshika mkono, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kushika.

Msiba ukifika hapa kwetu watu hupeleka chakula. Clive hakujua kupika kitu kingine zaidi ya nyama ya kuoka na viazi, akapika hicho, akakipeleka kwenye sahani ya kauri iliyokuwa ya mama yao. Sheree aliipokea mlangoni. Kesho yake asubuhi Clive aliikuta sahani kwenye uzio wake, chakula kikiwa hakijaguswa, kimeshaganda kwa baridi. Neno lilikuwa limeshamfikia Sheree kutoka mtamboni: sanduku halikumwagwa, Clive aliandika tu kwenye daftari.

Mchunguzi alikuja kutoka Sydney, mtu mpole kwa jina Strachan, mwenye miwani na sauti ya chini. Clive alimweleza alivyoona. Tangu tabaka lile jipya lianze, vinu vilikuwa vikinguruma vibaya na makapi yalikuwa mengi kupita kawaida. Asubuhi ile sanduku la kinu namba tatu lilimwagwa saa tatu na nusu mbele ya macho yake, na saa nne lilikuwa limejaa tena. Strachan aliandika yote. Kisha akatoa cheti. Makaa yenye kusagika kwa hamsini na moja, akasema, hulijaza sanduku lile kwa muda wa saa nne, si kwa nusu saa. Wataalamu watatu walikuwa wamemthibitishia. Kama makaa ni haya, basi sanduku halikumwagwa tangu zamu ilipoanza, na daftari ni la uongo, na Wes Bartle aliuawa na uvivu wa rafiki yake. Hakulisema hivyo. Lakini ripoti ingesema, na mji mzima ungeisoma.

Clive alimfuata dada yake nyumbani, akamweleza jikoni, koti bado mwilini. Alikuwa amepungua kiasi cha kumtisha.

"Niliwaambia makaa ni magumu," akasema. "Wananionyesha karatasi. Karatasi yako, dada."

Noelene hakutikisika hata kidogo, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye alishindwa kujisamehe. Alimwambia asihofu. Kama kuna kosa kwenye namba, lipo dawa yake. Kila sampuli inayopimwa, nusu yake hufungiwa kwenye mkebe, mkebe ukapigwa lakiri ya nta na kuwekwa rafuni siku tisini kwa ajili ya siku kama hizi. Wapeleke mkebe ule maabara nyingine kabisa, watu wasiomjua Clive wala yeye, waupime. Kama mgodi uliwaletea makaa magumu, mkebe utasema. Alimpigia Strachan simu yeye mwenyewe, alimwonyesha rafu yeye mwenyewe, na alipouona mkebe ukiondoka na lakiri yake nzima kuelekea Newcastle, alimwambia Clive aanze kula vizuri.

Majibu yalirudi baada ya siku tisa. Garth alimwita ofisini akiwa na tabasamu pana, akamwekea karatasi mezani. Hamsini na moja. Newcastle walikuwa wamepata namba ile ile yake.

Kwa muda mfupi Noelene alifurahi. Tusimsitiri. Miaka ishirini na sita ya kuhesabu mizunguko sitini, na wageni wenye mashine mpya wamepata kile kile alichopata yeye kwenye banda la mabati. Aliipenda ile namba. Kisha akamkumbuka Clive, akaona haya, akatoka kurudi kwenye kazi yake.

Mfuko uliokuwa unamsubiri aliumwaga kwenye sinia, akapitisha vidole, akatoa bonge moja, akalitupa kwenye ndoo. Bonge liligonga bati. Noelene alibaki na mkono hewani. Mkebe hujazwa baada ya kuponda. Kuponda huja baada ya kuchambua. Kilichofungwa kwa nta na kupelekwa Newcastle kilikuwa kimeshapita vidoleni mwake. Vinu vya mtambo havina mtu wa kuvichambulia. Vilipokea kila kitu, laini na gumu, kama kilivyochimbwa, na yale magumu ndiyo yaliyojaza sanduku la kinu namba tatu kwa nusu saa. Hakuwa akitoa takataka. Alikuwa akitoa makaa yenyewe, yale yaliyo mabaya, kisha anatia sahihi kwamba yaliyobaki ni mazuri.

Alimwendea Garth kwanza. Garth alimsikiliza akiwa amesimama, akafunga mlango. Akasema kwamba utaratibu wa maabara umeandikwa na hakuna mahali unaposema kuchambua, kwa hiyo hakuna aliyechambua. Akamkumbusha kuna watu kumi na wanne wanaokula kwenye banda lile. Noelene akamwambia kuna mtu mmoja aliyekufa na mwingine anayezikwa akiwa hai. Garth akasema kitu ambacho hakikuwa uongo.

"Mikono iliyochambua ni yako, Noelene. Mimi nilipita tu hapo."

Asubuhi iliyofuata ndoo haikuwepo mlangoni.

Akaenda kwa Strachan, moteli aliyofikia, akamkuta akinywa chai na mkate wa kuchoma. Alimweleza yote, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia. Strachan aliacha chai ikapoa. Alitaka kuamini, Noelene aliliona hilo, na ndiyo maana maswali yake yaliuma zaidi. Akauliza kama inawezekana kuchukua sampuli nyingine mgodini. Haiwezekani, ile sehemu ngumu ya tabaka ilikuwa imeshachimbwa yote mwezi wa Julai na wamehamia kwingine. Rundo la mtamboni? Limeshachomwa. Kuna yeyote mwingine maabara atakayesema alichambua? Noelene alikuwa amewauliza mmoja mmoja. Walikuwa wametazama viatu vyao.

"Na hayo mabonge uliyotoa," Strachan akauliza, "yako wapi?"

"Yamechomwa."

"Yamechomwa wapi?"

Noelene alijua linalokuja, na hakuwa na mahali pa kulikwepea.

"Kwa mdogo wangu. Kwenye jiko lake. Wenzangu hawatakiri kuchoma ya zamu zao."

Strachan alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Mama Rudkin," akasema taratibu, "una maana ushahidi pekee uliteketezwa nyumbani kwa mtu ninayemchunguza, na shahidi pekee ni dada yake, ambaye mwezi uliopita aliniomba mwenyewe nipeleke mkebe, na mkebe ukamkana mdogo wake."

Akaandika mistari miwili kwenye daftari lake. Noelene aliisoma kutoka upande wa pili wa meza, ikiwa kichwa chini. Jina lake lilikuwemo, na neno "dada" lilipigiwa mstari.

Jumapili akaenda kwa Clive. Hakuwa amealikwa. Clive alikuwa amekaa mbele ya jiko, na kwenye karai pembeni yake kulikuwa na chenga na vumbi, mwisho wa makaa ya Ijumaa zote zile. Sahani ya kauri ya mama yao ilikuwa bado juu ya kabati, imeoshwa, haina pa kwenda. Noelene alimweleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Alimweleza kuhusu mashine ya kuponda, vidole, ndoo, mkebe, Garth, Strachan na maneno ya Strachan. Alisema ni yeye. Alilisema mara mbili, mara ya pili kwa sababu Clive hakuonyesha kusikia.

"Miaka mingapi?" Clive akauliza mwishowe.

"Kumi na miwili."

"Kumi na miwili." Alitikisa kichwa kama mtu anayejumlisha. "Nilikuwa nakutetea, unajua? Kazini wakisema namba haziendani na vinu, nasema dada yangu hakosei. Wes naye alikuwa anasema. Nikamwambia anyamaze."

"Nitakwenda kwa Sheree," Noelene akasema. "Leo hii. Nitamweleza mwenyewe. Akijua hukuandika uongo..."

"Utamwambia nini? Makaa yaliyomuua mumewe ndiyo niliyokuwa naota? Na Sheree mwenyewe ameyaota. Alikuwa amekaa hapo hapo ulipo, miguu imeelekea jiko hili."

Clive akainuka, akatoka nyuma, akarudi na bonge moja mkononi. Lilikuwa limebaki chini ya ngazi, kubwa kama mkate, jeusi lisilong'aa, na upande mmoja alama nne nyeupe za nyundo. Noelene alilitambua mara moja, na moyo wake, kwa ujinga wake, ukaruka kwa matumaini.

"Nipe hilo," akasema. "Clive, nipe. Nitaliponda lote, sitaacha hata punje. Nitalipima mbele ya Strachan."

"Lina lebo?"

"Halina."

"Lina lakiri?"

"Clive."

"Limetoka kwa nani? Limekaa wapi? Nani aliliona?" Aliuliza kwa sauti ya chini ile ile ya Strachan, na macho yake yalikuwa mekundu. "Utapata namba. Najua utapata, na itakuwa sahihi, ya kwanza sahihi miaka kumi na miwili. Namba zako zimenitosha."

Alifungua mlango wa jiko kwa ncha ya kiatu, akalisukuma bonge ndani. Halikutosha vizuri. Alilizungusha, akalisukuma tena, akafunga. Noelene angeweza kumshika mkono. Alifikiri kumshika, na wakati anafikiri mlango ulikuwa umeshafungwa.

Bonge halikukubali kuwaka upesi. Wote wawili walibaki wakilitazama kupitia kioo kidogo cha jiko, likiwa jeusi juu ya makaa mekundu, zile alama nne zikionekana wazi. Chumba kilikuwa na baridi. Ilipita kama robo saa kabla ukingo mmoja haujaanza kugeuka rangi, na hapo Clive akavuta kiti chake karibu, akanyoosha mikono.

"Litakaa mpaka asubuhi," akasema. "Nenda nyumbani kwako, Noelene."

Maisha yake yote Clive alikuwa akimwita dada. Noelene alifunga vifungo vya koti, akaichukua ile sahani juu ya kabati kwa kuwa hakujua mikono yake aifanyie nini, akaiona haifai kuondoka nayo, akairudisha mahali pake.